Risasi za bunduki ya hewa kwa mita 50 na mita 100: ipi ichaguliwe?

Weka mezani makopo mawili ya risasi za kiwanda cha JSB za kaliba .22 (kipenyo cha mtutu kwa inchi), moja la greni 18.13 na jingine la greni 25.39. Zote zina kichwa cha mviringo, kiuno chembamba na sketi nyuma, na tofauti unayoiona kwa macho ni urefu tu. Sasa zipige zote mbili kwa kasi ileile ya mita 270 kwa sekunde, shabaha ikiwa mita 100, upepo wa ubavuni ukivuma mita 3 kwa sekunde, yaani ule unaousikia usoni na unaochakarisha majani. Nyepesi itasukumwa pembeni sentimita 28. Nzito itasukumwa sentimita 21. Kwenye karatasi ya shabaha, sentimita hizo saba ni mashindano mazima.

Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu risasi ya masafa marefu ni hili: upepo unaisogeza kiasi gani? Wanunuzi wengi huanza na kushuka, wakitafuta risasi inayokwenda "moja kwa moja". Kushuka ni jambo la hesabu. Ukijua umbali na kasi, unazungusha kitasa cha darubini na kazi imekwisha, na risasi ya pili itashuka vilevile kama ya kwanza. Upepo hubadilika kati ya risasi moja na inayofuata, na hakuna kitasa cha kuukamata. Kwa hiyo kati ya risasi mbili ambazo mtutu wako unazipenda sawasawa, chukua ile isiyoyumbishwa na upepo, hata kama inashuka zaidi.

Kabla ya kulinganisha, maelezo machache kuhusu namba zilizomo humu. Uzito umeandikwa kwa greni kwa sababu ndivyo makopo yanavyoandikwa. Greni 1 ni gramu 0.0648. Kizigeu cha balistiki, ambacho wapigaji wote hukiita BC, kinaeleza risasi inavyoipasua hewa: BC ikiwa kubwa, kasi hupotea polepole. Kushuka kumepimwa kutoka kwenye mstari wa mtutu wenyewe, na hesabu zote ni za usawa wa bahari, nyuzi joto 15, upepo wa ubavuni wa mita 3 kwa sekunde. Ukipanda juu mambo hubadilika. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama Nairobi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na ile risasi ya greni 25.39 husukumwa kama sentimita 18 badala ya 21. Jedwali lililotengenezwa Mombasa halifai kubandikwa kwenye bunduki inayotumika Nairobi. BC nayo hutofautiana kati ya mtutu na mtutu, kwa hiyo zichukue hizi kama namba za kuanzia, kisha upime zako. Namna ya kupima iko chini.

Umbo la kichwa

Hapa uamuzi ni mwepesi. Risasi yenye kichwa bapa imetengenezwa kwa mita 10, na kwa mita 10 haina mpinzani: inakata tundu safi la mviringo kwenye karatasi, jambo la lazima pale ambapo alama ya 10 ya bunduki ya Olimpiki ina kipenyo cha milimita 0.5 tu. Ikishapita mita 25, uso wake bapa unagonga hewa kama kifuniko cha sufuria na kasi yake inakwisha haraka. Usiifikirie kwa masafa marefu.

Risasi yenye ncha kali ndiyo inayowadanganya wengi. Inaonekana kama itapasua hewa kuliko zote. Lakini chini ya kasi ya sauti, ambako risasi hizi zote hukaa, ncha kali haina faida kubwa. Upinzani mkubwa unatoka nyuma, kwenye sketi na hewa inayozunguka nyuma yake. Isitoshe, ncha hupinda ndani ya kopo na ni vigumu kuitengeneza ikae katikati hasa, na kila kasoro ya ncha inaonekana shabahani. Zenye tundu kichwani hupoteza kasi mapema na zinafaa karibu.

Kinachobaki ni kichwa cha mviringo kwa kazi karibu yote, na slagi, ile risasi isiyo na kiuno wala sketi, kwa bunduki chache zilizoandaliwa kwa ajili yake.

Mita 50 kwa bunduki ya nguvu ndogo

Uingereza (England na Wales) inaruhusu bunduki ya hewa bila kibali cha silaha ikiwa nishati ya risasi mdomoni mwa mtutu haizidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27. Mchezo wa Field Target, ambao mpigaji hulenga tundu dogo kwenye shabaha, kimataifa unatumia mpaka huohuo, na shabaha zake hufika mita 50. Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na kwa nguvu hiyo mita 50 ni mbali mno. Tuchukue basi bunduki ya jouli 15.6, ambayo inaacha nafasi salama chini ya mpaka wa Uingereza, na risasi tatu za JSB.

Ya kaliba .177, greni 8.44, inatoka kwa mita 239 kwa sekunde. Kwa BC ya 0.021 inafika mita 50 ikiwa imeshuka sentimita 27 na kusukumwa sentimita 12. Ya kaliba hiyohiyo, greni 10.34, inatoka kwa mita 216; kwa BC ya 0.028 inashuka sentimita 31 na kusukumwa sentimita 9.5. Ya kaliba .22, greni 15.89, inatoka kwa mita 174 tu. Kwa BC ya 0.031 inashuka sentimita 47 na kusukumwa sentimita 10.

Ukitazama upepo peke yake, .22 inaishinda greni 8.44 kwa sentimita mbili hivi. Mbona basi wachezaji wa Field Target karibu wote hutumia .177? Kwa sababu katika mchezo huo umbali hauandikwi popote. Mpigaji anaukadiria mwenyewe kwa kurekebisha fokasi ya darubini, na makosa ya mita 2 au 3 ni ya kawaida. Darubini ikiwa imewekwa sifuri mita 35, yaani risasi inagonga inapolengwa kwa umbali huo, kosa la mita 3 karibu na mita 50 linaipeleka .22 juu au chini kwa karibu sentimita 4. Greni 8.44 inakwenda sentimita 2.2, na greni 10.34 sentimita 2.4. Tundu la kawaida la shabaha kubwa lina kipenyo cha milimita 40, yaani una sentimita 2 kila upande kutoka katikati. Kosa lileile la umbali linaipoteza .22 kabisa, na .177 inagonga ukingo.

Kwa hiyo penye umbali usiojulikana, nguvu ikiwa ndogo, chagua .177. Kati ya zile mbili, greni 10.34 ni bora kwenye karatasi: upepo unaisukuma kwa sentimita 2.5 pungufu na mkunjo wa njia yake unakaribia sana ule wa greni 8.44. Lakini mitutu mingi inaipiga greni 8.44 kwa usahihi zaidi, na faida ya sentimita 2.5 inayeyuka mara moja iwapo kundi la matundu limetanuka kwa kiasi hichohicho. Jaribu zote. Kama zinalingana, greni 10.34 ichukue nafasi hasa kwenye uwanja wa wazi wenye upepo. Baracuda Match ya H&N, greni 10.65, iko daraja hilohilo na inafaa kuingia kwenye jaribio, kwa kuwa mtutu unaoikataa JSB mara nyingine huipenda H&N.

Penye umbali unaojulikana, kwa mfano shabaha za karatasi mita 50 mezani, .22 greni 15.89 inarudi kuwa chaguo zuri. Inabeba jouli 10 hadi mita 50, ambapo greni 8.44 imebaki na 8, na tundu lake kubwa ni rahisi kulisoma kwa darubini.

Wenye bunduki za springi wazingatie jambo moja. Risasi nzito hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi huku bunduki ikiruka, na pistoni hugonga mto wa hewa na kurudi nyuma kwa nguvu. Springi inachoka mapema na kundi linatanuka. Kwa springi ya .177 usipite greni 8.5 hivi bila sababu, na kwa .22, greni 14 hadi 16. Superdome ya RWS, greni 14.5, na Field Target Trophy ya H&N, greni 14.66, zimekaa hapo vizuri.

Mita 100 kwa bunduki ya nguvu kubwa

Hapa tunazungumzia bunduki za PCP, zile zinazojazwa hewa ya mgandamizo kwenye tungi, zenye jouli 40 na kuendelea. Uingereza zinahitaji kibali cha silaha. Marekani ndiko mashindano yake yalikokua, na Extreme Benchrest ya Arizona, ambako watu hupiga kwa hewa shabaha za yadi 100, imezilazimisha bunduki na risasi zote kuboreka. Kwingineko sheria ni tofauti kabisa, na nchi nyingi huihesabu bunduki ya hewa kama silaha kamili. Uliza kabla ya kununua, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Jedwali hili limezipa risasi zote kasi ya mita 270 kwa sekunde mdomoni.

| Risasi | Nishati mdomoni | Kasi mita 100 | Nishati mita 100 | Kushuka | Upepo |
|---|---|---|---|---|---|
| .22, greni 18.13, BC 0.035 | J 43 | m/s 175 | J 18 | sm 92 | sm 28 |
| .22, greni 25.39, BC 0.045 | J 60 | m/s 193 | J 31 | sm 85 | sm 21 |
| .25, greni 25.39, BC 0.036 | J 60 | m/s 177 | J 26 | sm 91 | sm 27 |
| .25, greni 33.95, BC 0.046 | J 80 | m/s 194 | J 41 | sm 85 | sm 21 |
| .22, slagi ya greni 25, BC 0.08 | J 59 | m/s 221 | J 40 | sm 77 | sm 12 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu. JSB hutengeneza greni 25.39 kwa .22 na kwa .25. Uzito mmoja, kasi moja, nishati moja, kiwanda kimoja. Ya .22 inasukumwa sentimita 21, ya .25 sentimita 27. Sababu ni kwamba uzito uleule umefinyangwa kuwa mwembamba na mrefu, kwa hiyo unaigonga hewa kwa uso mdogo. Watu huhamia .25 wakidhani kaliba kubwa ndiyo dawa ya masafa. Kaliba kubwa inasaidia tu ikibeba risasi nzito zaidi, na hiyo inahitaji hewa: ili .25 ifikie kiwango cha .22 ya greni 25.39, imebidi itumie greni 33.95 na jouli 80, nishati ya ziada ya theluthi nzima. Tungi litakwisha mapema na pampu itafanya kazi zaidi. Mwenye .22 ya jouli 60 hana sababu ya kuuza bunduki yake.

Kuna jaribio jingine linaloonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Tuseme bunduki yako inafika jouli 43 tu. Ukiipa greni 18.13 itakwenda mita 270 kwa sekunde. Ukiipa greni 25.39 itatoka kwa mita 230, polepole hasa. Ya pili itashuka sentimita 116 ambapo ya kwanza imeshuka 92, na hapo wengi huitupa. Lakini upepo unaisogeza sentimita 23 na nyepesi inasogezwa 28. Zile sentimita 24 za kushuka unazimaliza kwa kitasa cha darubini, takriban miliradiani mbili na nusu kwa hesabu ya sentimita 10 kwa kila miliradiani. Zile tano za upepo huwezi kuzinunua kokote. Sharti ni mtutu ukubali kuipiga risasi hiyo ndefu kwa kasi ndogo, na si kila mtutu hukubali, kwa hiyo pima kabla ya kujaza kabati.

Kosa la kusoma upepo ndilo linalopaswa kukuongoza. Hakuna anayeusoma upepo kwa usahihi kamili. Kukosea kwa mita 1 kwa sekunde ni jambo la kila siku hata kwa bendera uwanjani. Kosa hilo linaisogeza greni 18.13 sentimita 9, greni 25.39 sentimita 7, na slagi sentimita 4.

Kasi gani?

Kwa nini mita 270? Kasi ya sauti ni kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ikianza kukaribia asilimia 80 yake, karibu 272, upinzani wa hewa unaanza kupanda, na ikifika asilimia 90 umepanda kwa zaidi ya nusu. Bunduki ya jouli 60 inaweza kuirusha greni 18.13 kwa mita 320 kwa sekunde. Itatoka kwa kishindo, itapoteza kasi hiyo kwenye mita 20 au 30 za mwanzo, na katika kuipoteza itatikiswa. Umelipia hewa ambayo haikufika shabahani. Kwa risasi zenye kiuno, kaa kati ya mita 260 na 285 kwa sekunde. Bunduki yako ikivuka hapo, usipunguze nguvu kwanza. Ongeza uzito wa risasi.

Risasi nyepesi zisizo na madini ya risasi, zilizotengenezwa kwa bati au mchanganyiko wake, zimefungwa na kanuni hiyohiyo. Matangazo husifu kasi zao. Kwa masafa marefu uzito wao mdogo unaziua: zinaanza mbele ya wote na kupoteza kasi mapema kuliko wote. Ni ajabu kwamba katika Kiswahili neno *risasi* limebeba kitu na madini yake pamoja, kwani kwenye balistiki uzito wa madini hayo ndio unaofanya kazi yote.

Slagi au risasi yenye kiuno?

Jedwali linaonyesha slagi imeshinda kila kitu, na kwa sentimita 12 za upepo ushindi wake hauna mjadala. Kinachobaki ni kama bunduki yako inaweza kuipiga.

Risasi yenye kiuno inajinyoosha yenyewe, kwa sababu sketi yake nyepesi huburutwa na hewa nyuma ya kichwa kama mkia wa tiara. Mzunguko unaopewa na mifereji ya mtutu ni nyongeza. Slagi haina mkia. Inategemea mzunguko peke yake. Mtutu wa kawaida wa bunduki ya hewa una mzunguko mmoja kwa kila milimita 400 hadi 450. Slagi fupi ya .22 inatulia hapo, lakini slagi ndefu na nzito zinahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Ukiona matundu yaliyochanika kwa umbo la yai badala ya duara, slagi inafika imelala ubavu, na hakuna marekebisho ya darubini yatakayoiponya.

Kikwazo cha pili ni kipenyo. Sketi hutanuka kwa shinikizo la hewa na kuziba mtutu, ndiyo maana risasi yenye kiuno husamehe mtutu uliopana kidogo. Slagi haitanuki kwa shinikizo la bunduki ya hewa. Kwa .22 zinauzwa kwa vipenyo vya inchi .217 na .218, na tofauti hiyo ya sehemu moja kwa elfu ya inchi inaweza kutenganisha kundi la sentimita 3 na lile la sentimita 10. Ikibana mno haitaingia bila kuharibika. Ikilegea, hewa itapita ubavuni na kasi itacheza.

Cha tatu ni mbano wa mdomoni. Mitutu mingi mizuri imebanwa kidogo sentimita chache za mwisho, na risasi zenye kiuno huupenda sana mbano huo kwa kuwa unazisawazisha zote kabla ya kutoka. Slagi nyingi haziupendi. Bunduki moja haiwezi kuwa bora kwa zote mbili, na anayetaka slagi kwa dhati anatafuta mtutu uliotengenezwa kwa slagi.

Kuna pia usalama, na hili halina nafasi ya kujadiliana. Slagi inabeba jouli 40 hadi mita 100, na hata ile greni 25.39 yenye kiuno inafika huko na jouli 31, karibu mara mbili ya nguvu ambayo Uingereza inaruhusu *mdomoni* bila kibali. Slagi inakwenda mbali zaidi ikikosa shabaha, na ikigonga jiwe inaruka. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo usio na mawe. Ubao hautoshi.

Kwa hiyo: bunduki ya chini ya jouli 50, kaa na risasi yenye kiuno. Jouli 50 na kuendelea, mtutu wa mzunguko wa kasi usiobanwa, na uwanja wenye tuta la kweli: slagi. Waliobaki, ambao ni wengi, chaguo lao ni .22 greni 25.39 au .25 greni 33.95.

Yanayoharibika kati ya kopo na shabaha

Toa risasi 50 kwenye kopo na uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Sketi ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa ni nyembamba na madini yake ni laini. Sketi iliyobonyea upande mmoja inaachia hewa upande huo wakati risasi inatoka mdomoni, na inasukumwa pembeni hapohapo. Kwa mita 25 huoni. Kwa mita 100 hiyo ndiyo ile moja katika kumi inayokwenda peke yake na kukufanya udhani umevuta kifyatulio vibaya.

Chukua kioo cha dirisha, kiinue upande mmoja kwa unene wa penseli, na uzibingirishe risasi moja moja. Kwa kuwa kichwa na sketi hutofautiana kipenyo, zitachora upinde. Nzuri zote zinachora upinde mmoja. Inayotoka nje ya upinde huo iweke kando kwa mazoezi ya karibu. Kazi hii ni ya dakika kumi na inasaidia kuliko kupima uzito.

Kupima uzito kunasaidia pia, lakini kidogo kuliko wanavyodai wauza mizani. Tofauti ya asilimia 1 ya uzito, karibu robo ya greni kwa risasi ya greni 25.39, inabadilisha kasi kwa zaidi kidogo ya mita 1 kwa sekunde, na mita 100 hiyo ni kama sentimita 0.9 juu au chini. Tenga zilizokosea kabisa na usipoteze usiku kugawanya zilizobaki kwenye mafungu sita.

Kipenyo cha kichwa kimeandikwa kwenye kopo: milimita 4.51, 4.52, 4.53 kwa .177, na 5.51 hadi 5.53 kwa .22. Wala usiamini kwamba JSB ya greni 8.44 na Diabolo Field ya Air Arms ni kitu kimoja kwa sababu tu JSB ndiyo inayozitengeneza zote. Hutoka kwenye kalibu tofauti, na mtutu unaijua tofauti hiyo.

Shabaha nayo inazungumza. Matundu yakipangika wima, kasi inacheza: tofauti ya mita 3 kwa sekunde ni sentimita 2 mita 100, kwa hiyo kagua regyuleta, kile kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa, kabla ya kulaumu risasi. Kundi likiwa zuri mita 50, kisha mita 100 likawa mara nne badala ya mara mbili, huenda risasi inazunguka njia yake kama skrubu. Hutokea kwa sababu kasi ya mbele imeshuka sana lakini mzunguko haujapungua, na kichwa kinaanza kupepesuka. Badilisha kasi kwa mita 10 juu au chini. Mara nyingi hupona. Kundi likiwa zuri kwa risasi 60 kisha likaanza kutawanyika, mtutu umejaa uchafu wa risasi. Usafishe.

Namna ya kujaribu

Nunua kopo moja la kila aina unayoifikiria, tatu au nne zatosha. Safisha mtutu, piga risasi 20 hadi 30 za aina ya kwanza bila kuzihesabu ili mtutu uizoee, kisha piga makundi matatu ya risasi 10 mita 50. Risasi tano hudanganya. Fanya alfajiri kabla upepo haujaamka, na uweke utepe mwepesi katikati ya njia uujue hata ule mdogo. Safisha tena kabla ya kubadilisha aina, vinginevyo aina ya pili inapimwa juu ya mabaki ya ya kwanza. Mbili zilizoshinda zipeleke mita 100.

Kisha pima BC yako mwenyewe. Weka kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, mdomoni na uandike wastani wa risasi 10, halafu iweke mita 50, nyuma ya ubao mnene wenye uwazi ili isipigwe, na uandike tena. Gawanya kasi ya kwanza kwa ya pili, tafuta logi asilia (ln kwenye kikokotoo) ya jibu, kisha gawanya 0.0075 kwa namba hiyo. Mfano: 270 kwa 228 ni 1.184, logi asilia yake ni 0.169, 0.0075 ukigawanya kwa 0.169 unapata 0.044. Njia hii inatosha kwa kasi kati ya mita 200 na 280, kwa hewa ya usawa wa bahari. Ingiza namba hiyo kwenye programu ya balistiki badala ya ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Ukishaipata risasi inayofaa, geuza kopo usome namba ya toleo nyuma. Rudi dukani siku hiyohiyo ununue makopo mengi ya namba hiyo kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu toleo lijalo la risasi ileile, lenye kibandiko kilekile, linaweza kutoka kwenye kalibu mpya na kukurudisha mwanzo. Yahifadhi pakavu, yakiwa yamelala, sifongo ya juu ikiwa mahali pake, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.